Anza na chombo: kuandika kitabu cha wasafiri wa Idjwi
(Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya wanafunzi wa utalii na waongozaji wageni)

Wazee wetu, akina mama, ndugu wanafunzi, jambo kwenu.

Nimeombwa niseme jinsi ya kuandika kitabu cha kuongoza wasafiri katika kisiwa kidogo. Nimechagua Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu upande wa Kongo, kwa sababu kila mtu humu ndani anadhani anaijua kwa kuwa anakula mananasi yake. Najua mtanipinga: Idjwi si ndogo, katika visiwa vya maziwa ya Afrika inatanguliwa na Ukerewe tu. Sawa. Lakini kwa mgeni kisiwa ni kisiwa. Hakuna daraja, na ukichelewa chombo, umelala huko.

Hapo ndipo rasimu nyingi ninazoletewa zinapoharibika. Zinaanza na machweo. Kurasa tatu za uzuri wa ziwa, halafu mwishoni mstari mmoja: "Usafiri unapatikana." Wapi? Siku gani? Nani atanirudisha? Mimi nasema sura ya kwanza iwe ya kuvuka, na iwe ndefu kuliko zote. Mweleze msafiri kwamba mtumbwi wa mota hauangalii saa, unangoja ujae. Kwa hiyo siku ya soko ataondoka mapema, siku nyingine atakaa gatini mpaka achoke. Mwambie ziwa hutulia zaidi asubuhi, na kwamba kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huleta mawimbi. Mwambie pia lile ambalo wenye vyombo hawatalipenda: maji yakikaribia ukingo wa chombo, shuka, nauli ipotee. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa ufukweni wanaitazama. Kitabu kinachonyamaza juu ya hilo kwa kuogopa kumfukuza mtalii, mimi sikinunui.

Baada ya kuvuka, hofu nyingine zijibiwe kwa ufupi. Mgeni atauliza kama Kivu italipuka. Jibu: methani na kaboni dioksidi zimeyeyuka chini sana, mamia ya mita, katika ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 470. Mazuku ni jambo jingine: ni hewa mbaya inayojikusanya mabondeni upande wa Goma na Sake, na inaua kweli. Usivichanganye.

Sasa tuingie kisiwani. Chukueni sentensi hii kutoka kwenye rasimu moja: "Bugarula ni kituo cha kuvutia chenye watu wakarimu." Futa yote. Watu wakarimu wako hata Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu. Andika hivi: "Bugarula, kaskazini, ndiko makao makuu ya teritware (wilaya). Pitia kwanza ofisini na karatasi zako na fotokopi, kabla ya kuzunguka na kamera. Hospitali kuu ya rufaa iko Monvu, kusini." Msomaji wako akivunjika mguu, atataka kujua kutoka alipo hadi Monvu ni muda gani. Usipime kwenye ramani. Panda pikipiki mwenyewe, mvua ikiwa imenyesha, kisha andika saa ulizotumia, kilomita hazitamsaidia.

Kuna raha yake pia, sikatai. Taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, usiku, ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaume wakiimba, ni jambo ambalo mtu atalisimulia kwao. (Na sambaza wenyewe ni wageni: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.) Lakini samaki huyu hufuata taa, na mbalamwezi ikiwa kamili taa haina nguvu, wavuvi wengi hawatoki. Kwa hiyo raha hiyo nayo inahitaji kalenda ya mwezi. Mwandishi asiyeiweka anamtuma mtu kutazama maji matupu.

Pesa, maneno machache: noti ya dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi, na mama anayeuza nanasi hana chenji ya dola ishirini. Beba faranga.

Kuhusu Bambuti, jamii ya wenyeji wa asili wa kisiwani: wengi hawana ardhi, na naona waandishi wanawaweka kwenye orodha ya "vivutio" kati ya mlima na fukwe. Waandike ndani ya historia ya Idjwi, pamoja na Bahavu walio wengi kisiwani, tawala mbili za kichifu za Rubenga na Ntambuka, mpaka wa mwaka 1910 kati ya Wabelgiji na Wajerumani, na Wajerumani walioingia kisiwani mwaka 1914. Historia hiyo haihitaji zaidi ya kurasa nne.

La mwisho ni umri wa kitabu. Mwongozo wa zamani wa Wabelgiji ungekupeleka Costermansville, na ndiyo Bukavu hii tulipo. Jina la mji huchukua miaka kubadilika. Gati, vizuizi na ruhusa hubadilika usiku mmoja. Mnajua wenyewe mambo ya ziwa hili yalivyogeuka mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma na Bukavu. Mimi habari za usalama, mpaka na nauli nisingezifunga ndani ya kitabu. Ningezichapisha kwenye karatasi ya kando, yenye tarehe kubwa juu, inayobadilishwa kila baada ya miezi michache. Mchapishaji atalalamika gharama. Alalamike.

Mama pale mbele ameinua mkono muda mrefu. Tuanze na swali lake.