Fungu Moja la Mchicha: Mhadhara Kuhusu Matawi ya Jiografia ya Binadamu

Wanafunzi wapendwa, walimu wenzangu, asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Wengi wenu mnakaribia kuchagua tawi la kubobea, na mmeshaniuliza lipi lina ajira. Ni swali halali. Ila kabla hamjachagua, twendeni kwanza Bonde la Msimbazi, pale Dar es Salaam.

Mkononi nina fungu la mchicha. Mnaona mizizi bado imeshika udongo mweusi? Umelimwa kandokando ya mto. Alfajiri mchuuzi ananunua tuta zima shambani, anang'oa, anafunga mafungu, na kabla jua halijawa kali yuko mtaani anauza. Mtu wa jiografia ya uchumi anauliza: mbona vitunguu vinasafiri kutoka Singida, lakini mchicha unalimwa katikati ya jiji? Kwa sababu mchicha ukifika saa tisa alasiri umeshanyauka. Mjerumani Johann Heinrich von Thünen aliliandika hilo mwaka 1826: kinachoharibika upesi hulimwa karibu na soko. Mchuuzi wa Msimbazi hajamsoma, na hesabu yake ni ileile.

Sasa uoneni mchicha huohuo kwa jicho la jiografia ya afya. Mwaka 1854 kule London, daktari John Snow alifuatilia nyumba zilizokuwa na vifo vya kipindupindu, na vingi vikawa vimezunguka pampu moja ya maji, Broad Street. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu ukipokea maji machafu ya viwanda na ya vyoo, na watafiti wamepima mboga za bonde hili wakakuta madini mazito kama risasi. Yule wa uchumi aliona riziki. Huyu wa afya anaona sumu. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu.

Kwa nini watu wajenge bondeni, mahali pa mafuriko? Hapa siasa na makazi havitenganishiki. Wajerumani waliifanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891, wakaanza kugawa mji kwa kanuni za ujenzi; Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita, Carrier Corps. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na wengine, kwa kisingizio cha afya. Kisha idadi ya watu: sensa ya 1967 ilihesabu watu 270,000 na ushei jijini, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Viwanja vilivyopimwa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Bondeni palikuwa karibu na Kariakoo, na mtu aliweza kwenda kibaruani kwa miguu.

Desemba 2011 mvua ilinyesha, Msimbazi ukafurika, makumi ya watu wakafariki. Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na mimi siibezi. Lakini kilichopimwa zaidi ni umbali kutoka kwenye maji. Umbali kutoka kwenye riziki haukupewa uzito uleule. Mama aliyekuwa anatembea hadi sokoni sasa anaamkia kwenye daladala, na nauli inakula mtaji. Wapo waliouza viwanja wakarudi mjini. Jiografia ya usafirishaji, ambayo wengi wenu mnaiona kavu, ingeweza kulieleza hilo mapema.

Kwa hiyo chagueni tawi, ndiyo. Bobeeni haswa. Ila jueni kuwa tawi ni swali, na mahali hapajibu swali moja tu.

Kuna kazi iliyonipa moyo. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walipita mitaa kama Tandale wakichora nyumba, vichochoro na mitaro. Kwenye ramani nyingi za zamani, mitaa ya namna hiyo ilikuwa karibu tupu. Mwenyeji anaujua mtaro ulioziba, mwanafunzi anajua kuuweka kwenye ramani.

Jumamosi tunakwenda Jangwani, kwenye bonde hilohilo la Msimbazi. Tukutane saa moja asubuhi, kabla wachuuzi hawajamaliza kung'oa. Mtauliza kwanza bei ya tuta, ndipo mtoe daftari.