Kadi Inajua Bei, Haijui Sababu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakuu wa idara, wahadhiri, mafundi sanifu wa maabara, wahasibu wenzangu, na nyinyi makatibu muhtasi ambao najua ndio mnaoibeba kazi hii: shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kanuni za mtumishi anayekabidhiwa kadi ya ununuzi ya chuo kikuu. Nilianzia uhasibu hapa nyumbani Tanzania, enzi za vocha za karatasi, kisha nikaenda kufanya kazi katika ofisi ya fedha ya chuo kimoja Marekani, na huko kazi yangu ya kila siku ni kadi hizi. Nitasema zaidi ya kule, maana ndiko zilikoota mizizi. Zinapogusana na masurufu yetu, yaani fedha anazotangulizwa mtumishi kwa kazi na kuzitolea hesabu baadaye, nitagusa.

Kadi hii ina jina la mtumishi, lakini deni ni la chuo. Ukinunua boksi la glavu leo, muuzaji analipwa na benki, na chuo kinailipa benki kwa mkupuo mara moja kwa mwezi. Mshahara wako haumo. Ilianzishwa kwa sababu boksi la glavu la dola 40 lilikuwa likipita njia ileile ya mashine ya dola 40,000: maombi, oda, hati ya kupokelea mali, ankara, idhini, hundi. Karatasi zilikuwa zikigharimu kuliko glavu. Serikali ya Marekani ilizijaribu kadi hizi mwaka 1986. Mwaka 1994 sheria iliruhusu manunuzi yasiyozidi dola 2,500 yafanywe bila kushindanisha wauzaji, na kiwango hicho kikapanda hadi dola 10,000 mwaka 2018. Vyuo navyo vikaingia katika utaratibu huo, kila kimoja na kanuni zake.

Kila kadi ina ukomo wa aina mbili, wa manunuzi mamoja na wa mwezi mzima. Tena kuna kufuli ambalo wengi hawalijui. Kila biashara inayopokea kadi imepewa namba ya tarakimu nne inayotambulisha aina yake. Duka la pombe ni 5921, kamari ni 7995, kutoa fedha taslimu kwenye mashine ni 6011. Chuo huiagiza benki ifunge namba kama hizo, na ukijaribu, kadi inakataa palepale.

Lakini kufuli hilo linaangalia mlango wa duka, haliangalii kapu. Supamaketi ina namba moja tu, 5411, na ndani yake mna kalamu, barafu, nepi na mvinyo. Kwa benki vyote hivyo ni kitu kimoja. Kwa hiyo kadi inajua umenunua wapi, siku gani na kwa kiasi gani. Kwa nini umenunua, haijui, na hakuna mtambo utakaoijulisha. Anayejua ni mmoja tu, aliyesimama pale kaunta. Kila kanuni nitakayoisema leo nimeifahamu vizuri zaidi kwa kuitazama kutoka hapo.

Niwape mfano. Risiti ya supamaketi: barafu mifuko minne, mifuko ya plastiki ya kufunga, betri, chumvi kilo tano. Kwenye nafasi ya sababu ya ununuzi mwenye kadi ameandika neno moja, "vifaa". Jiweke kwenye kiti cha mkaguzi. Anaona chumvi kilo tano, anaona barafu, siku yenyewe ni Ijumaa jioni. Atawaza nini kama si nyama choma? Anaandika hoja ya ukaguzi, na hoja inakwenda kwa mkuu wa idara. Mtu mwaminifu ambaye usiku ule alikuwa kando ya ziwa akihifadhi sampuli za samaki anaanza kujieleza kama mshitakiwa. Chumvi ikichanganywa na barafu hushusha joto chini ya nyuzi sifuri, ndiyo maana aliinunua. Angeandika hivi: "Barafu na chumvi ya kupoozea sampuli za samaki, safari ya ziwani, mradi namba fulani." Sekunde ishirini za kuandika, na hoja isingezaliwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi katika kazi yangu nimeona pia mali ambayo haikupotea kabisa, lakini kwa kukosa daftari ikahesabiwa kuwa imepotea, na jina la mtu likapotea nayo.

Andika siku hiyohiyo. Fedha za utafiti kutoka serikali ya Marekani zinadai kumbukumbu zitunzwe miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho, kwa hiyo mkaguzi anaweza kukuuliza habari ya chumvi wakati wewe umeshasahau hata jina la dereva. Atapima mambo matatu: matumizi yalikuwa ya lazima kwa mradi, bei ilikuwa ya kiasi, na mradi uliolipa ndio ulionufaika. Chakula kikiwemo, atataka majina ya waliokula na mlichojadili. Pombe kwa fedha hizo haikubaliki kabisa, hata mgeni awe nani.

Risiti nayo ina mambo yake. Hotelini utaletewa vikaratasi viwili. Kimoja kina orodha ya mlivyokula, kingine kina jumla na mahali pa kuweka sahihi. Watu wengi huleta kile chenye sahihi, na kile hakimsaidii mtu, kinarudia tu ilichokwishasema benki. Tunataka chenye orodha. Halafu risiti hizi huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini isiyo na wino. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari inageuka nyeusi, ukiiweka kwenye pochi miezi miwili inabaki nyeupe kama haikuandikwa kitu. Zetu za EFD, zile mashine za risiti za kodi, ni zilezile. Mamlaka ya Mapato inatufundisha tukinunua tudai risiti, nami naongeza: ukishaidai ipige picha kabla hujawasha gari.

Kodi ya mauzo ya kule sitaikalia. Vyuo vingi vina msamaha, mwenye kadi hubeba nakala ya cheti na kumwonyesha muuzaji kabla ya kulipa. Kadi za zawadi za madukani usinunue bila kibali maalumu, maana ni fedha taslimu iliyovalishwa plastiki.

Sasa kugawanya manunuzi. Ukomo wako ni dola 2,500, unachotaka ni kompyuta tatu za jumla ya dola 3,600. Unanunua mbili asubuhi na moja jioni. Au unanunua mbili wewe na moja anunue mwenzako. Hapo umegawanya, na ni kosa hata kama kompyuta zote tatu ziko mezani zinafanya kazi ya chuo. Watu hukasirika wakiambiwa hivyo. Wananiuliza, nimeiba nini? Hujaiba. Ila ukomo umewekwa ili juu yake jicho la pili litazame, na wewe umelizunguka jicho hilo. Mwenye nia mbaya hutumia mlango huohuo unaoutumia wewe mwenye haraka.

Mnakumbuka habari ya Chuo Kikuu cha Yale. Mtumishi wa utawala katika idara ya tiba ya dharura alikuwa na mamlaka ya kuagiza vifaa vya chini ya dola 10,000 bila idhini nyingine. Hakutumia kadi, alitumia mfumo wa oda, lakini ugonjwa ni mmoja. Aliagiza kompyuta na tableti kwa mafungu yaliyokaa chini ya kiwango, akaziuza nje, tangu 2013 hadi 2021. Hasara ilizidi dola milioni 40. Alikiri kosa mwaka 2022 na akahukumiwa kifungo cha miaka tisa. Oda hizo zilikuwa na maelezo, tena ya kuridhisha. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuuliza kompyuta zote hizi ziko chumba gani.

Na hapa nyumbani sheria zetu za ununuzi wa umma zinakataza vilevile kugawanya manunuzi ili kukwepa ushindani. Tena mwaka wa fedha, kwetu na kwa vyuo vingi vya kule, unafungwa Juni 30. Nanyi mnajua Juni inavyokuwa. Fungu limebaki, bosi anataka liishe, na watu wanakatakata oda usiku. Nawaomba, mwezi huo msinunue kitu kwa papara.

Nataka sasa nikae kidogo kwenye jambo linaloniuma. Kanuni inasema kadi haiazimwi. Kule inasemwa na watu wanaitii nusunusu. Kwetu naogopa itakuwa ngumu zaidi, kwa sababu ya heshima. Profesa anamwita kijana wa maabara, "Mwanangu, chukua kadi hii ukaninunulie." Kijana atasemaje? Atasema hapana kwa mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi? Atakwenda. Anapewa na namba ya siri. Baada ya mwezi taarifa ya benki inaonyesha kitu ambacho hakuna anayekitambua, na wa kwanza kutazamwa ni yule kijana.

Nilishuhudia jambo hili katika idara moja. Msaidizi alipewa namba za kadi ya bosi wake ili alipie programu ya kompyuta kwenye intaneti. Namba zikabaki zimehifadhiwa kwenye akaunti ile. Msaidizi akahama kazi, programu ikaendelea kukata fedha kila mwezi, na bosi aliendelea kuweka sahihi taarifa bila kuisoma. Nami nilikuwa kwenye mlolongo ule wa idhini na nilipitisha baadhi ya taarifa hizo. Niliangalia jumla, sikusoma mstari. Tulipogundua, waliohusika walitaka kumpigia simu yule msaidizi wa zamani kwanza, kana kwamba kosa ni lake. Alikuwa ametumwa tu.

Kwa hiyo wakuu wa idara, hili nawaelekezea nyinyi. Mkitaka kijana anunue, muombeeni kadi yake mwenyewe, yenye jina lake na ukomo mdogo, na apate mafunzo. Mkimpa ya kwenu mmemweka mahali ambapo hawezi kujitetea.

La pili ni nduguye la kwanza. Anayeidhinisha matumizi yako asiwe mtu aliye chini yako. Nimeona katibu muhtasi akiwekewa mbele taarifa ya mkuu wake, chakula cha jioni cha watu wawili siku ya Jumapili, na akatia sahihi. Angefanyaje? Tathmini yake ya mwaka inaandikwa na mtu yuleyule. Mambo yalipofumuka aliitwa yeye kueleza sahihi yake. Kanuni inayotaka mwidhinishaji awe juu au pembeni ya mwenye kadi ipo kwa ajili ya mama yule. Mkiandika mwongozo wenu, msiruhusu ibara hiyo ilegezwe kwa kisingizio kwamba wakubwa wana shughuli nyingi.

Na kukosea je? Watu hukosea, hasa kadi zinapohifadhiwa kwenye simu. Asubuhi moja alikuja ofisini kwangu dada mmoja, mama wa mtoto mchanga, macho yamevimba. Usiku alikuwa ameagiza nepi kwenye simu, kadi ya chuo ikalipa badala ya yake. Mkononi ana bahasha, ndani yake hundi ya kiasi kilekile hadi senti. Hakulala. Nilimpa fomu, akaandika mistari mitatu: nilinunua nini, ilitokeaje, nimerejesha lini. Nikapiga muhuri, nikaambatanisha na taarifa ya mwezi, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Mkaguzi alipopita mwaka uliofuata aliiona, akageuza ukurasa.

Mwingine alikosea kiasi kinachokaribia hicho, akaona haya, akanyamaza, akitumaini kwamba hakuna atakayeona. Aliyeona alikuwa mkaguzi, miezi mitano baadaye. Kiasi ni kilekile kidogo, lakini sasa swali halikuwa fedha tena. Lilikuwa kwa nini ulinyamaza. Wale mliowahi kuchelewa kurejesha masurufu mnaijua hali hiyo. Siku za kwanza unaweza kueleza kila kitu, kisha risiti moja inapotea, unaona aibu kwenda na pungufu, na jina lako linaingia kwenye orodha ya wenye masurufu yasiyorejeshwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutaja masurufu ya namna hiyo, na naamini wengi wanaohusika hawakula hata shilingi. Nenda na pungufu lako. Mhasibu mwenye utu atakukalisha mtafute pamoja, na wahasibu mliomo humu nawasihi muwe hao.

Namalizia na siku ya kuondoka, iwe unahama, unastaafu au unabadilisha idara. Wiki mbili kabla, acha kununua, ili yote uliyonunua yafike kwenye taarifa ukiwa bado upo. Pitia kila akaunti ya mtandaoni uliyohifadhi namba na uifute, na kama kuna malipo ya kila mwezi, mkabidhi mtu kwa maandishi. Kisha lete kadi mkononi, usiitume kwa mtu. Sisi tunaizima kwenye mfumo mbele yako, tunaikata kwa mkasi kupita katikati ya chipu, unatia sahihi, nasi tunatia sahihi. Nakala moja inabaki kwenye faili lako. Ya pili unaondoka nayo wewe.

Asanteni. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.