Doa Halitoki kwa Kusugua
Mhadhara kwa wenye saluni na vinyozi, Tanga

Asalaam aleikum, na wale wengine, Bwana asifiwe. Poleni na joto, na asanteni kwa kufunga saluni siku ya kazi. Nimeomba kuzungumza nanyi kwa sababu moja. Mtu akitokwa na madoa usoni haanzii hospitali, anaanzia kwenu. Anakaa kitini, anajitazama kwenye kioo, anasema, "Dada, hebu niangalie hapa shavuni, nipake nini?" Jibu mtakalompa ndilo litakaloamua kama atakuja kwangu kliniki na tatizo dogo au kubwa, au kama hatahitaji kuja kabisa.

Niseme mapema ninachoamini. Madoa mengi, na ngozi nyingi zinazoparuza, hayakuja kwa kukosa krimu. Yamekuja kwa sababu ngozi imechokozwa: chunusi imekamuliwa, ndevu zimenyolewa hadi kwenye shina, uso umesuguliwa kwa sukari na ndimu, halafu juu yake ikapakwa kitu cha kuchoma. Tiba ya kwanza basi ni kuacha. Najua haipendezi, maana hakuna anayeiuza.

Tuanze na rangi yenyewe. Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna seli zinazotengeneza melanini, yaani hiyo rangi. Mmakonde na Mswidi wana idadi inayokaribiana ya seli hizo. Tofauti ni vifuko vya melanini vinavyotoka humo: vyetu ni vikubwa, vimetawanyika kimoja kimoja, na vinadumu zaidi. Ndiyo maana jua halituunguzi haraka. Lakini seli hizi ni nyepesi kushtuka. Ngozi ikivimba au ikiumia kidogo tu, zinamwaga rangi kupita kiasi. Chunusi inapona, weusi unabaki. Mtu mweupe akiumia hivyo hivyo mara nyingi hubaki na wekundu. Sisi tunabaki na doa la miezi.

Miezi mingapi? Inategemea rangi imefika wapi. Wino ukimwagika kwenye shuka, utafua na utatoka. Ukipenya hadi kwenye godoro, hapo ni habari nyingine. Doa la kahawia lenye mipaka inayoonekana vizuri kwa kawaida liko juu, na ngozi inapojibadilisha hufifia kwa miezi kadhaa. Doa lenye rangi ya kijivu au kibuluu limeshuka chini, na linaweza kukaa miaka. Kusugua hakuondoi la juu wala la chini. Kunaleta uvimbe mpya, na uvimbe mpya unaleta rangi mpya.

Na tusichanganye doa na kovu. Doa ni rangi tu, ukipitisha kidole ngozi ni laini. Kovu lina shimo au kinundu. Hakuna krimu inayojaza shimo la chunusi, hata iwe na bei gani. Mashimo hutibiwa kwa sindano ndogondogo au kwa upasuaji mdogo, na mtu aliyesomea kazi hiyo kwenye ngozi nyeusi. Hivyo vifaa vya kujichoma vinavyouzwa mtandaoni, naomba msiviguse.

Sasa kaka zangu vinyozi, hapa nitakaa kidogo. Nywele zetu zimejipinda. Ukizikata chini ya usawa wa ngozi, zinapoota upya ncha inajikunja na kuchoma ngozi kutoka ndani au nje. Mwili unaiona kama mwiba. Hapo ndipo vinatoka vipele vya ndevu, na kila kipele kinaacha alama yake. Mteja anakuja na kidevu cheusi chenye vinundu, anakwambia, "Nipitishie wembe kisafi." Wembe ndio uliomfikisha hapo! Mshawishi akubali mashine iache nywele zinazoonekana, milimita moja hivi. Usivute ngozi unaponyoa. Usirudie sehemu moja mara nne. Na ile spiriti mnayompiga nayo usoni hadi anafumba macho haizuii kipele, inaunguza ngozi iliyochubuka tayari. Ukiona vinundu vigumu vya kisogoni, pale mstari wa nywele unapoishia, usivikate ili mstari unyooke. Vinageuka makovu magumu yanayokua. Mwambie aende kliniki mapema, vikiwa bado vidogo.

Kuna weusi mwingine hautokani na kidonda chochote. Mama anabeba mimba, na baada ya miezi kadhaa mashavu yote mawili yanaingia mabaka yanayolingana, na paji la uso, na juu ya mdomo. Wataalamu huiita melazma. Homoni zinachangia, urithi unachangia, na baadhi ya njia za uzazi wa mpango zinachangia. Lakini msimwambie mtu aache vidonge vyake kwa sababu ya uso. Azungumze kwanza na mhudumu wake wa afya. Kinachoichochea kila siku ni mwanga, na hapa watu wengi wanakosea. Rangi yetu ina kinga ya asili inayokadiriwa kuwa sawa na SPF 13, kile kipimo cha nguvu ya losheni ya jua, kwa hiyo tunasema jua tumelizoea. Kinga hiyo inatusaidia tusiungue. Haitoshi kuzuia melazma, kwa sababu hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unaiamsha, na losheni nyingi za kuzuia jua zinaupitisha. Inayofaa ni ile yenye oksidi ya chuma, yaani iliyotiwa rangi ya udongo. Tena inafanana na ngozi zetu, haiachi uso mweupe kama umepakwa unga. Ipakwe asubuhi, kiasi cha kujaza vidole viwili kwa uso na shingo, na irudiwe mchana. Kofia pana na mtandio ni tiba pia, wala sitanii. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, wanatengeneza losheni ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwao ni kinga dhidi ya saratani. Kwenu wenye melazma, losheni ya jua yenye rangi ni kinga dhidi ya doa kurudi.

Haya, mkorogo. Mlikuwa mnausubiri.

Ndani ya hizo krimu za kujichubua mara nyingi kuna kimojawapo kati ya vitu vitatu, au vyote: haidrokwinoni, yaani dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na zebaki. Steroidi kama klobetasoli ni dawa nzuri sana ya pumu ya ngozi, kwa muda mfupi, kwa maelekezo. Ukiipaka usoni na mwilini miezi na miezi, ngozi inakonda hadi mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani, chunusi zinafumuka, kidonda kinachelewa kufunga. Zebaki inapita kwenye ngozi na kufika kwenye figo. Mama akimkumbatia mtoto, inampata na mtoto. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulikuwa umeruhusu kiwango kidogo sana cha zebaki kwenye vipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikutana Geneva zikaondoa hata kiwango hicho, na kuweka mwaka 2025 kuwa mwisho. Hapa kwetu vipodozi vyenye sumu hizi vimepigwa marufuku siku nyingi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Bado mnaviona sokoni, nami naviona.

Haidrokwinoni ina kisa chake. Ni dawa halali mkononi mwa daktari, kwa kipimo kinachojulikana na kwa miezi michache tu. Lakini mwaka 1975 huko Afrika Kusini, daktari George Findlay na wenzake walieleza wanawake waliokuwa wameitumia muda mrefu na nyuso zao zikageuka nyeusi yenye ububuluu, na vipunje vigumu juu ya mashavu. Hali hiyo inaitwa okronosisi, na kuitibu ni kazi ngumu mno. Ubaya wake ni kwamba mtu akiona weusi anaongeza krimu, na krimu ndiyo inayoleta weusi.

Mteja akikwambia anataka kuacha mkorogo, usimpongeze tu ukamwacha aende. Steroidi ikikatwa ghafla uso unawaka, unavimba, vipele vinafumuka ndani ya siku chache. Anasema, "Ngozi yangu imekataa," anarudi kwenye kopo lake. Mwelekeze kliniki apunguziwe polepole, na umwonye mapema kwamba wiki za mwanzo zitakuwa mbaya. Aliyeonywa huvumilia.

Sasa ngozi ya kuparuza. Hapa nitakwenda haraka, maana mara nyingi tatizo ni ukavu, na dawa mnayo nyumbani. Mtu anaoga maji ya moto, anajisugua na dodoki na sabuni ya kufulia, anakauka kabisa, ndipo anakumbuka mafuta. Abadilishe: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyokausha, dodoki lipumzike, na mafuta mgando yapakwe dakika chache baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Vile vipele vidogo vya nyuma ya mikono na mapajani, vinavyofanya ngozi iwe kama ya kuku aliyenyonyolewa, si uchafu. Ni magamba yaliyoziba vinyweleo, na mara nyingi ni ya kurithi. Krimu yenye yurea asilimia 10 au 20 huvilainisha. Ukiacha, vinarudi, lakini havina madhara.

Shingo ndiyo inayonisikitisha. Binti ana shingo nyeusi, nene, kama mahameli, na kwapa vilevile. Anaambiwa haogi vizuri. Anasugua kwa jiwe hadi damu. Weusi huo mara nyingi ni dalili kwamba mwili unapambana na sukari. Apimwe sukari. Akipungua uzito, na shingo nayo hufifia. Ukimwambia hilo kwa upole pale kitini, umemsaidia kuliko krimu zote dukani kwako.

Na madoa meupe je? Utangotango ni fangasi, unatibika kwa dawa ya kuosha yenye ketokonazoli, ila rangi huchukua miezi kurudi hata fangasi wakishakufa. Msimharakishe mgonjwa. Lakini baka jeupe au jekundu lisilo na hisia, ukiligusa kwa pamba hasikii, huyo aende hospitali wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa ukoma, na dawa zake ni bure kwenye hospitali za serikali. Ukiwahi, viganja na nyayo vinapona salama.

Dada mmoja pale kati amenyosha mkono kuuliza: basi tuwauzie nini? Swali zuri. Asidi ya azelaiki ya asilimia 20, asubuhi na jioni, inatibu chunusi na doa kwa pamoja, na daktari anaweza kumpa hata mjamzito. Niasinamidi ni ya upole, inafaa wengi. Adapalini usiku, kiasi cha punje ya dengu kwa uso mzima, siku moja apake na siku moja aache hadi ngozi izoee. Mjamzito asiitumie, wala anayepanga mimba. Chochote mtakachompa, mwambieni miezi mitatu. Anayeahidi wiki moja anauza steroidi. Na hizo sindano na dripu za kung'arisha mwili, usalama wake haujathibitishwa. Saluni si mahali pa kumwekea mtu dripu.

Bibi hapa mbele ananiuliza kuhusu liwa na singo, zile za kusugulia maharusi, kama nazo nimezipiga marufuku. Hapana, bibi, sithubutu, harusi zitanishinda. Liwa yenyewe haina ugomvi na ngozi nyingi. Bwana harusi na bibi harusi wasuguliwe kwa kiganja laini, na isifanyike siku ambayo ngozi imechubuka. Ila ndimu itoeni kabisa. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha mtu akatoka juani, anaweza kutoka malengelenge, na yakipona yanaacha michirizi myeusi kwa wiki nyingi, na picha za harusi ndizo hizo.

Haya, tuna nusu saa ya ukumbi imebaki. Naona wengi mmekuja na krimu zenu kwenye mikoba. Zitoeni mezani tusome lebo moja moja. Ikiandikwa "mercury", "calomel" au "mercurio", ni zebaki hiyo, weka upande ule. Isiyo na orodha ya viambato kabisa, nayo weka kule kule.