Namna ya Kuunyamazisha Msitu Kwenye Filamu

Ndugu watengenezaji filamu,

Anayesimulia dunia ambayo viumbe wake wamenyamaza hushawishika kuzima sauti. Msizime. Sauti ikikatika kabisa, mtazamaji haoni msitu uliokufa. Husikia feni ya ukumbi, akageuka kutazama spika akidhani zimeharibika. Ukimya wa filamu hurekodiwa, tena una kazi kuliko kelele.

Anzeni na wingi. Dakika 10 za mwanzo zijae ndege, vyura, nzi na nyenje, kila kiumbe kwenye traki yake. Alfajiri nzima ikiwa faili moja, hamtaweza baadaye kumtoa ndege mkamwacha chura. Kisha wapunguzeni ndege kidogo kidogo, kila mmoja kwa muda wa dakika moja hivi, sikio lisishtuke. Nyenje ndio wa kukatwa ghafla, mhusika akiwa katikati ya sentensi. Mlio wao haupumziki, kwa hiyo sikio huwa limeshauzoea na kuusahau. Linausikia pale tu unapokoma. Ni mshtuko ambao muziki wowote utauharibu.

Hubaki upepo, nguo na pumzi. Hapo tumieni maikrofoni ambayo mvumo wake wa ndani hauzidi desibeli 10, la sivyo utasikika kama mvua ya mbali. Rekodini upepo wa nyasi na wa majani makavu, dakika 10 kila mmoja. Kipande cha sekunde 30 kikirudiwa, tawi lile lile linalolia hukiumbua.

Balaa ni mazungumzo. Nyenje wa siku ya kupiga picha wamo ndani ya maneno ya waigizaji, wengi kwenye masafa ya sauti ya kilohezi 4 hadi 8, huko huko ziliko “s” na “sh”. Ukiwachuja, neno “shimo” hupoteza kichwa. Hivyo kila onyesho likiisha, waigizaji warudie maneno papo hapo ndani ya gari lililozimwa, vioo vimefungwa na kufunikwa mablanketi, maikrofoni sentimita 20 kutoka mdomoni. Sauti bado ina joto la onyesho, jambo ambalo studio hulirudisha kwa shida.

Na picha isipingane na sauti. Kisiwani Guam, katika Bahari ya Pasifiki, nyoka wa miti aliyeingizwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliwamaliza karibu ndege wote wa asili wa msituni, na buibui wakaongezeka mno. Kwa hiyo, wapambaji, tandazeni utando wa buibui kati ya miti. Mhariri, kagua kila shoti ya maua: nyuki mmoja nyuma ya bega la mwigizaji anatosha kuivunja.