Mtu Mzima kwa Nani?

Ndugu zangu, nianze na simu. Bosi wangu wa zamani, mwanamke wa miaka 52, alikuwa anaongoza kikao, kalamu mkononi, sauti nzito, sisi tumenyamaza. Simu yake ikaita. Akatoka, mlango ukabaki wazi kidogo, tukamsikia: "Abee mama... ndiyo, nimekula... hapana, sijachoka." Sauti ilikuwa ya msichana wa miaka 12! Akarudi, akaketi, akakohoa kidogo, na ile nzito ikarejea. Sasa niambieni, mtu mzima ni yupi hapo: aliyetoka au aliyerudi?

Kiswahili chenyewe kinatutega. Tukisema "mtu mzima" ni kana kwamba kabla ya hapo ulikuwa kipande. Sheria nayo hupenda kukata kwa tarehe. Uingereza, kijana wa miaka 19 alilala tarehe 31 Desemba 1969 akiwa bado mtoto kisheria, akaamka Januari mosi mtu mzima, kwa kuwa umri ulishushwa kutoka 21 hadi 18. Usiku ule hakuota hata unywele mmoja wa ziada. Japani nayo ilishusha kutoka 20 hadi 18 mwezi Aprili 2022, lakini pombe na sigara zikabaki palepale kwenye 20. Wa miaka 18 kule anatia saini mkataba wa mkopo bila kibali cha mzazi, ila sigara hauziwi. Mzima kwa mkopeshaji, mtoto kwa muuza sigara.

Mwanasosholojia Erving Goffman aliyafananisha maisha ya watu na jukwaa la maigizo. Namkubali nusu. Mwigizaji anajua kwamba anaigiza, lakini bosi wangu hakuigiza utoto. Alikuwa mtoto kweli, maana upande wa pili alikuwepo mama, na mtoto kwa mzazi hakui. Utu uzima hatujivishi wenyewe, tunavishwa na aliye mbele yetu. (Mtaniuliza, "Basi yeye halisi ni yupi?" Mimi simwoni mwingine aliyejificha nyuma ya hao wawili.)

Na zamu hugeuka. Miaka kadhaa baadaye alinisimulia kwamba mama yake alimpigia tena akauliza, "Mwanangu, hizi dawa nimeze kabla ya kula au baada?" Akajibu kwa sauti ileile ya kikaoni. Simu ilipokatika alibaki ndani ya gari muda mrefu, funguo mkononi, hajawasha injini.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, dada.