Gali 680 mahali pa 273: kupima usalama wa kinu cha nyuklia dhidi ya tetemeko

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa uhandisi, nanyi mliokuja kwa udadisi tu, asanteni kwa kufika. Mwaliko wa leo ulikuja na swali ninaloulizwa kila mahali: kinu cha nyuklia kinastahimili tetemeko la ukubwa gani? Saba? Nane? Mtaniwia radhi, naanza kwa kulikataa swali lenyewe. Ukubwa wa tetemeko unaeleza nguvu iliyoachiliwa huko chini mwamba ulikopasuka. Kinu hakina habari na namba hiyo. Kinachokifikia ni mtikiso wa pale pale kiliposimama, na mtikiso huo hutegemea umbali, kina, na tabia ya miamba na udongo uliopo njiani.

Mtikiso tunaupima kwa mchapuko. Wajapani hutumia kipimo cha gali, yaani sentimita moja kwa sekunde kwa kila sekunde. Kitu kinachoanguka kutoka mkononi mwako huchapuka kwa gali 980 hivi. Shikeni namba hiyo, maana nitazitaja nyingine nyingi na hiyo ndiyo itakayowasaidia kuzipima.

Twendeni Japani, mkoa wa Niigata. Jumatatu tarehe 16 Julai 2007, saa 4:13 asubuhi, siku ya mapumziko ya kitaifa, tetemeko la ukubwa wa 6.6 lilipiga chini ya bahari kiasi cha kilomita 16 kutoka Kashiwazaki-Kariwa. Hicho ndicho kituo kikubwa kuliko vyote vya nyuklia duniani: vinu saba, jumla ya megawati 8,212, mali ya kampuni ya TEPCO. Mjini na vijijini walikufa watu 15. Kituoni, vinu vitatu vilikuwa vimesimamishwa kwa matengenezo, vitatu vilikuwa vikizalisha umeme, na kimoja kilikuwa kinawashwa. Vyote vinne vilivyokuwa na moto vilijizima vyenyewe: vipimio viliusikia mtikiso, fito za kudhibiti zikaingia, basi.

Sasa tazameni namba. Kwenye sakafu ya msingi ya kinu namba 1, wasanifu walikuwa wamekadiria kwamba mtikiso mkubwa kabisa wa mashariki-magharibi utakuwa gali 273. Kipimio kilisoma 680. Kinu namba 2 kilisanifiwa kwa 167, kikapata 606, zaidi ya mara tatu na nusu. Kinu namba 6, upande wa pili wa kiwanja hicho hicho, kilisanifiwa kwa 263 na kupata 322. Tetemeko ni lile lile, mwenye kiwanja ni yule yule, na kutoka kinu hadi kinu ni mwendo wa miguu.

Hapo kuna maswali mawili, na wengi wetu huruka moja kwenda kwa jingine. La kwanza: mbona makadirio yalikuwa madogo hivyo? La pili: kama yalikuwa madogo hivyo, mbona vinu havikubomoka?

Nianze na la kwanza. Wachunguzi walipata sababu tatu zilizozidishana. Ufa uliopasuka ulitoa mawimbi makali kuliko kawaida ya tetemeko la ukubwa ule, kiasi cha mara moja na nusu. Kisha tabaka za kina kirefu chini ya kituo hazikulala sawasawa, zikayakuza mawimbi hayo kama mara mbili. Kisha chini ya vinu namba 1 hadi 4 mna mkunjo wa miamba uliovielekezea nguvu nyingine, mara mbili tena. Zidisheni wenyewe. Vinu namba 5 hadi 7 viliukosa mkunjo huo, ndiyo maana vilitikiswa kidogo. Wasanifu wa miaka ya 1970 hawakuwa na vyombo vya kuyaona yote haya, na kwa hilo siwalaumu.

Ninapowalaumu watu ni kwenye habari ya ufa wenyewe. Baharini mbele ya kituo kulikuwa na ufa ambao uchunguzi wa awali uliupa urefu wa kilomita 7 au 8 na kuuhesabu kuwa umelala. Mwaka 2003 kampuni iliupima upya na kuona kwamba huenda uko hai na unafika kilomita 20 hivi. Taarifa ilipelekwa serikalini. Wananchi walikuja kuijua Desemba 2007, tetemeko limeshapita. Baadaye urefu unaotumika katika hesabu ulipandishwa hadi kilomita 36. Urefu wa ufa ndio mzizi wa hesabu nzima: ufa mrefu unaweza kupasuka kwa tetemeko kubwa. Ukiukata ufa vipande viwili kwenye ramani, umeshapunguza gharama ya zege, na huhitaji kusema uongo wowote. Unachohitaji ni mjiolojia anayekubali kwamba pengo lile dogo kwenye picha ya mawimbi ya sauti ni mwisho wa ufa. Kwa hiyo mkipewa ripoti ya tathmini ya tetemeko, kabla ya kusoma milinganyo, someni ni nani aliyechora ramani ya nyufa na nani mwingine aliyeruhusiwa kuikagua.

Matokeo yake? Mtikiso wa kusanifia, ambao Kashiwazaki-Kariwa ulikuwa gali 450 kwenye mwamba, ulipandishwa hadi 2,300 kwa vinu namba 1 hadi 4 na 1,209 kwa vinu namba 5 hadi 7. Hadi mara tano, kwa ardhi ile ile.

Swali la pili sasa. Majengo ya vinu hayakubomoka kwa sababu wasanifu wa zamani walikuwa waoga, na uoga wao ulituokoa. Kanuni ya Japani haikuishia kwenye mtikiso uliokadiriwa; ililazimisha pia majengo muhimu yahesabiwe kwa nguvu ya kusukuma mara tatu ya ile ya majengo ya kawaida. Kuta zikawa nene kupita hesabu ya gali 273. Chuma nacho hakikatiki pale pale kinapovuka kikomo cha kwenye karatasi. Jumuisheni hayo, mtapata akiba ambayo haikuandikwa popote. Kazi kubwa ya tathmini ni kuitafuta akiba hiyo na kuipa namba, kifaa kwa kifaa. Wahandisi huuliza: ni mchapuko gani ambao, ukiupata, nina uhakika wa asilimia 95 kwamba uwezekano wa kifaa hiki kuharibika hauzidi asilimia 5? Pampu ina namba yake, tangi lina namba yake, kabati la betri lina namba yake. Kisha unatafuta njia iliyo dhaifu kuliko zote kati ya mtikiso na fueli kuyeyuka, maana hata kinu kilichojizima kinaendelea kutoa joto na lazima kipozwe.

Lakini Kashiwazaki ilifundisha jambo ambalo hesabu ya vifaa vikubwa hailioni, na hili ndilo lililonileta hapa. Transfoma ya kinu namba 3 iliwaka moto. Ilikuwa kwenye daraja C, la chini kabisa, lile la vitu visivyohusu usalama wa nyuklia, hivyo ilijengwa kwa kiwango cha jengo la kawaida. Ardhi iliyoizunguka ilizama, viungo vikatatuka, mafuta yakavuja, cheche zikafanya yaliyobaki. Wafanyakazi wachache waliokuwepo siku ile ya mapumziko walikimbilia bomba la maji ya zimamoto. Bomba lilikuwa limepasuka, nalo ni daraja C. Wakataka kuingia chumba cha dharura, kwenye simu ya moja kwa moja ya kikosi cha zimamoto. Mlango ulikuwa umekwama, fremu imepinda. Wakapiga namba ya kawaida, nao wazimamoto walikuwa wametingwa na nyumba zilizoanguka mjini. Moto uliwaka karibu saa mbili, na helikopta za televisheni zikauonyesha moshi mweusi kwa dunia nzima.

Kwenye kinu namba 6, maji ya bwawa la fueli iliyotumika yaliyumba yakamwagika, yakapenya kwenye matundu ya nyaya hadi sakafu ya chini isiyohesabiwa kuwa na mionzi, na pampu ikayasukuma baharini: lita 1,200 hivi, mionzi yake kidogo sana. Mamia ya mapipa ya taka yalianguka, mengine yakafunguka vifuniko. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichotishia kiini cha kinu. Ila vyote pamoja viliwanyima watu macho, maji na simu kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana mimi naamini sana ukaguzi wa miguu. Watu wawili watatu, mmoja mhandisi wa miundo, mmoja wa mifumo, wanapita chumba kwa chumba na tochi. Kabati hili la rilei limefungwa sakafuni kwa bolti? Ngazi ya fundi imeegemezwa wapi? Ule ukuta wa matofali ukianguka, unaangukia bomba gani? Kazi hii haina heshima ya kompyuta, na vijana wengi huikimbia. Mwezi mmoja wa kazi hiyo huweza kuonyesha udhaifu ambao modeli ya mamilioni ya vipengele haikuwahi kupewa nafasi ya kuuona.

Nipite haraka Marekani. Tarehe 23 Agosti 2011 tetemeko la 5.8 huko Virginia lilikitikisa kituo cha North Anna kupita kiwango chake cha usanifu. Makontena ya fueli iliyotumika, kila moja zaidi ya tani mia, yaliteleza kwenye zege, mengine zaidi ya sentimita kumi. Vinu vyenyewe havikuwa na madhara ya maana, vikawashwa tena Novemba. Mtikiso ule ulikuwa mfupi na wa masafa ya juu, yaani wa kwenda na kurudi haraka sana. Upepo wa kasi ya kutetemesha huchezesha makuti tu. Mnazi huyumba kwa upepo unaokwenda na kurudi polepole, sambamba na mwyumbo wake. Majengo mazito ni hivyo hivyo, na ndiyo sababu kilele cha mchapuko peke yake hakitoshi kueleza madhara. Umeme wa nje ulikatika, jenereta nne za dharura zikawaka, na moja ikavuja maji ya kupozea ikasimama. Tetemeko halikuhusika: gasketi ilikuwa imefungwa vibaya kwenye matengenezo ya nyuma. Ukaguzi wa miguu tena.

Mlango uliokwama Kashiwazaki ulizaa kitu. TEPCO ilijenga majengo ya dharura yaliyokalishwa juu ya mipira ya kuyatenga na mtikiso, moja Kashiwazaki na jingine Fukushima Daiichi. Lile la Fukushima lilikamilika Julai 2010. Miezi minane baadaye, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na tsunami vilipokipiga kituo hicho, ndimo mkuu wake Yoshida Masao na watu wake walimoongozea kazi ya dharura. Somo la mlango lilifika Fukushima kwa wakati. Somo la kuamini makadirio mapya halikufika: mwaka 2008 hesabu za ndani za kampuni hiyo hiyo zilionyesha wimbi la bahari linaloweza kufika mita 15.7, na kituo kilikuwa kimejiandaa kwa mita sita hivi. Wimbi lililokuja lilifika mita 14 au 15. Kule Onagawa, karibu zaidi na chanzo cha tetemeko, kiwanja kilikuwa kimeinuliwa hadi mita 14.8 tangu mwanzo, na vinu vyote vitatu vilipoa salama.

Huku kwetu jambo hili limeacha kuwa la mbali. Kenya imeitaja Uyombo, Kilifi, kisha Siaya. Uganda imeitaja Buyende. Siaya iko kando ya tawi la Bonde la Ufa linaloshika Ghuba ya Winam. Tetemeko la Subukia la mwaka 1928, ukubwa wa 6.9, lilipasua ardhi kwa kilomita 38 hivi. La Rukwa la 1910 lilizidi 7. La Ziwa Tanganyika la Desemba 2005 lilikuwa 6.8. Sisemi msijenge. Nasema vipimio vya mtikiso vichimbiwe kwenye viwanja vinavyopendekezwa leo, miaka mingi kabla ya zabuni, ili mkunjo wa miamba kama ule wa Kashiwazaki uonekane kwa matetemeko madogo tusiyoyahisi.

Kuna dada pale nyuma ameuliza kama kuna kinu kilichowahi kukataliwa kwa sababu ya ufa. Vipo. Huko Bodega Bay, California, kampuni ilikuwa imeshachimba shimo la msingi ndipo ufa ukaonekana ndani ya shimo lenyewe, na mwaka 1964 mradi ukaachwa. Cha karibuni ni Tsuruga namba 2 nchini Japani. Kanuni ya huko inauhesabu ufa kuwa hai ukiwa umesogea ndani ya miaka 120,000 hadi 130,000 iliyopita, na mzigo wa kuthibitisha kwamba umelala ni wa mwenye kinu. Mwenye kinu hakuweza kuthibitisha, na Novemba 2024 mamlaka ya udhibiti ilikinyima kibali, mara ya kwanza tangu kanuni mpya zianze. Kampuni imesema itaendelea na uchunguzi na kuomba upya.