Mpigapicha Atasimama Wapi?

Asanteni kwa kunikaribisha. Nilikaa kwenye dawati la habari kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia upande wenu, upande wa wanaoalika. Kwa hiyo leo mnamsikiliza mtu aliyewahi kuitupa mialiko ya watu wanaowaita waandishi kwenye shughuli zao. Niliitupa mingi. Mingine ilikuwa ya shughuli nzuri kabisa, nami nilikuja kujua hivyo shughuli yenyewe ilipokwisha kupita.

Kuna vitu viwili ambavyo wengi wetu tunavichanganya: taarifa kwa vyombo vya habari na mwaliko kwa vyombo vya habari. Taarifa ni habari iliyokwisha kuandikwa. Mhariri akiipenda anaichapa bila kunyanyuka kitini. Mwaliko kazi yake ni kumnyanyua. Wanaosimulia historia ya kazi hii ya uhusiano wa umma hupenda kuanzia mwaka 1906, treni ya Pennsylvania Railroad ilipotumbukia majini karibu na Atlantic City, Marekani, na watu zaidi ya 50 wakafa. Ivy Lee, aliyekuwa akiishauri kampuni hiyo, aliwapa waandishi maelezo ya maandishi, na pia akataka wapelekwe wakajionee eneo la ajali. Karatasi ilifanya kazi yake, na safari ya kwenda kujionea ikafanya yake. Sisi tunataka karatasi moja ifanye zote mbili, ndiyo maana tunatuma kurasa tatu zenye historia ya taasisi tangu kuanzishwa kwake.

Sasa, anayesoma mwaliko wako ni nani? Mara nyingi si yule mwandishi utakayemwona ukumbini. Ni mhariri anayegawa kazi. Tuseme asubuhi hiyo ana waandishi wanne, wapigapicha wawili na gari moja, na mezani ana mialiko ishirini. Dakika kumi zijazo anaingia kwenye kikao cha wahariri, na huko ataulizwa: leo tuna nini? Hataulizwa taasisi yako ina malengo gani. Anatafuta sentensi moja ya kusema pale kikaoni, na usipompa, hatakutungia.

Nisomeeni hii akilini: “Taasisi yetu ina furaha kubwa kuwaalika katika hafla ya uzinduzi wa mradi wa uwezeshaji jumuishi kupitia michezo.” Mmeona nini? Mimi nimeona viti vya plastiki na mtu anajaribu kipaza sauti. Sasa hii: “Wakimbiaji 40 wasioona watakimbia kilomita 5, kila mmoja akiwa ameunganishwa kwa kamba na mwanafunzi anayemwongoza.” Shughuli ni ileile. Lakini hapo mhariri ameshaiona picha, na mtu wa redio ameshasikia pumzi na sauti ya kijana akisema “kona, kushoto.” Sentensi hiyo ndiyo inayokaa juu, na ndiyo inayokwenda kwenye mada ya barua pepe. Neno “MWALIKO” peke yake kwenye mada halimwambii mtu kitu.

Chini yake weka majibu ya maswali yale matano: nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Kila jibu mstari mmoja, au miwili ukizidiwa. Ukurasa mmoja unatosha na kubaki. Kwenye “wapi”, jina la jengo halitoshi. Sema mlango upi, gari linaegeshwa wapi. Kisha ongeza kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau, nacho ni ratiba ya picha. Shughuli inaanza saa 1:00 asubuhi, sawa, lakini wakimbiaji wanafungwa kamba saa ngapi? Wa kwanza anatarajiwa kumaliza saa ngapi? Mpigapicha atasimama wapi ili jua lisimpige usoni? Mpigapicha mwenye kazi tatu siku hiyo anakuja kwa dakika ishirini. Mwambie dakika ishirini zipi, la sivyo atazikuta ni za hotuba ya mgeni rasmi.

Na hapa kwenye saa naomba tukae kidogo, maana sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Niliwahi kupokea mwaliko ulioandikwa “saa 10:00”, basi, hakuna zaidi. Nikampangia mpigapicha alasiri. Alifika akakuta mtu anafagia. Mwandikaji alikuwa amenakili saa ya kwenye simu yake. Alimaanisha saa nne asubuhi. Alininunia muda mrefu, nami nilimnunia yeye. Tangu hapo siamini saa isiyokuwa na asubuhi, alasiri au usiku pembeni yake. Tarehe vilevile: andika siku, tarehe na mwezi. “Kesho” haina maana kwenye barua pepe itakayofunguliwa kesho.

Kuhusu kutuma, watu wa kazi hii wengi hutuma wiki moja kabla, wakakumbusha siku moja kabla, halafu wakapiga simu asubuhi ya tukio. Simu hiyo isiwe ya kuuliza “mlipata barua yetu?” Swali hilo linaudhi, niaminini. Piga na kitu kipya: msemaji fulani amethibitisha kufika, au njia ya mbio imebadilika. Mashirika ya habari kama Associated Press huwa na orodha ya matukio ya siku ambayo vyumba vingine vya habari huitazama. Kuingia humo ni sawa na kutuma mialiko mingi kwa mpigo.

Maandishi yawe ndani ya barua pepe yenyewe. Najua mnaipenda ile barua yenye nembo, sahihi na mhuri, iliyoskaniwa ikaambatishwa. Inapendeza. Ila mara nyingi mhariri hawezi kunakili anwani kutoka humo kwa urahisi, wala kugusa namba ya simu ikapiga.

Na namba hiyo iwe ya nani? Mara nyingi naona ya mkurugenzi. Mkurugenzi saa hiyo yuko jukwaani, simu ameizima, na mwandishi yuko getini anazuiwa na mlinzi. Weka ya mtu atakayekuwa pale chini, asiye na kazi nyingine yoyote siku hiyo isipokuwa kupokea simu na kujua mlinzi anaitwa nani.

Wapo ambao hawatakuja hata ukifanya yote haya, kwa sababu kumetokea moto mahali. Hao ndio wa kutumiwa taarifa, pamoja na picha mbili zenye majina ya waliomo, wakati wanapanga kurasa, si usiku wameshafunga.

Haya, toeni ile mialiko niliyowaomba mje nayo. Kila mmoja ampe jirani mwaliko wake, atazame saa ilivyoandikwa.